Mama Aliyesimama Kusalimu



Dominika moja iliyopita tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kanisa tukiwapokea waamini wa Misa ya pili. Kijana mmoja wa kundi lenu alikuwa akipanda ngazi kwa haraka, kitabu cha nyimbo mkononi. Katikati ya ngazi alimkuta bibi mmoja amesimama, mkono ukutani, akitazama chini mtaani kana kwamba anamngoja mtu. Kijana akamwambia kwa adabu: "Koko, jikaze kidogo, Misa inaanza." Kisha akampita. Bibi akatabasamu, akaitika, akabaki pale pale.

Hatukumkemea kijana yule. Alisema kwa heshima, na tena maneno kama hayo sisi wenyewe tuliyasema muda wa miaka miwili, tukiwa watu wazima na tukiwa na wajibu wa katekista. Tuliyemwambia alikuwa mama yetu mzazi. Ndiyo maana leo tumeona vema kuwaandikia. Kufundisha utabibu si kazi yetu. Tunataka tu kuwaeleza jinsi tulivyomkosea mtu tuliyemwona kila siku, kwa kuwa hatukuelewa tulichokuwa tukikiona.

Wanaoujua mji wetu wa Bukavu wanajua kwamba hapa ni shida kupata safari isiyo na mlima. Mji umejengwa juu ya vilima na juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, na huko Kadutu nyumba zimepandana kwenye miteremko, paa la jirani likiwa usawa wa kizingiti chako. Mama yetu ameishi huko tangu alipoolewa. Katika nguvu zake alitulea kwa kubeba mizigo: viazi, muhogo, makaa, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kama wafanyavyo hata leo wanawake wengi wa Kivu ambao ninyi hupishana nao kila asubuhi. Kwa mizigo hiyo tulisoma, na kwa mizigo hiyo tulifika hadi shule ya ualimu.

Alipofiwa na Baba, naye amekwisha kupita miaka 70, aliitua mizigo. Lakini njia moja hakuiacha: ile ya kupanda kanisani kwa Misa ya alfajiri. Zamani ilimchukua robo saa. Kisha tukaanza kusikia kwamba Mama amekuwa mtu wa salamu nyingi. Alisimama kwenye karakana ya seremala, akauliza habari za mke na watoto, akasifu meza iliyokuwa ikirandwa. Alisimama tena penye robine ya mtaa, akawasalimu wasichana waliopanga bidoni zao. Alisimama mara ya tatu kwenye ukuta wa shule ya msingi, na hapo, kwa kuwa saa ile hapakuwa na mtu wa kusalimiwa, alitoa rozari yake akasali fungu moja. Sisi tuliona fahari. Tulisema: mama yetu anapendwa na mtaa mzima.

Fahari hiyo ilikwisha alipoanza kuchelewa. Sisi tulikuwa mbele, karibu na altare, tukimwona akiingia wakati Injili imekwisha kusomwa. Siku moja mezani tulimwambia: "Mama, punguza salamu. Bwana naye anangoja kusalimiwa." Watu wote nyumbani wakacheka. Naye akacheka pamoja nao.

Baada ya miezi kadhaa aliacha Misa za siku za juma. Kisha shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya mtaani, lilipohamishia sala kwenye nyumba ya juu ya barabara, akaanza kukosa siku za sala. Mwishoni akawa anakosa hata Dominika, akisema kwamba Misa ya redioni inamtosha. Mjukuu wake mmoja alipopokea Komunyo ya kwanza, Mama alifika kwa pikipiki, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, na wakati wa maandamano hakuinuka. Jioni ile, mbele ya watoto, tulimwambia neno ambalo hatutalisahau: "Mama, imani yako imepoa." Alitutazama kwa muda, akajibu: "Labda, mwanangu. Uniombee."

Wapenzi vijana, tulikuwa tumejifunza ualimu. Katika shule ile walitufundisha kwamba mtoto asipojibu swali, mwalimu asiharakishe kusema ni mvivu. Huenda hasikii vizuri, huenda haoni ubao, huenda hajala tangu jana. Kwanza mtazame, ndipo umhukumu. Somo hilo tulilitumia darasani kwa miaka mingi, wala halikutujia kichwani tulipokuwa tukizungumza na aliyetulipia ada ya kulisoma.

Kwa maana dalili zilikuwapo, tena nyingi. Tukitazama nyuma sasa, tunaona jinsi maisha ya Mama yalivyopungua kidogo kidogo mbele ya macho yetu. Alikuwa amezishusha sufuria zote kutoka rafuni na kuzipanga sakafuni, ili apike akiwa ameketi. Alikuwa ameacha kufua nguo akiwa amesimama. Maji, aliyoyachota mwenyewe maisha yake yote, sasa aliwatuma watoto. Sokoni hakwenda tena. Alinunua kwa wanawake wanaopita mlangoni, kwa bei ya juu kidogo, na sisi tukalalamika kwamba anapoteza pesa. Akitaka kuinuka kwenye kiti alishika meza kwa mikono miwili. Akivuka njia yenye mawe alitafuta bega la mtoto. Kila badiliko, likitazamwa peke yake, lilikuwa dogo na lilikuwa na sababu yake. Tukasema ni uzee. Tukasema pole pole ndio mwendo.

Aliyeona zaidi yetu alikuwa mjukuu wake wa miaka 16 aliyelala chumba kimoja naye. Asubuhi moja alituambia: "Papa, Koko halali. Usiku anakaa kwenye kiti, mguu umening'inia chini. Akiupandisha kitandani unamuuma." Tulimjibu kwamba wazee hawana usingizi.

Kisha kikaja kidonda. Kiatu cha plastiki kilimchubua kidole gumba cha mguu wa kushoto, mchubuko mdogo ambao kwa mtoto ungekauka kwa siku tano. Wa Mama haukukauka. Tulitia dawa ya majani. Jirani mmoja alishauri achanjwe kwa wembe ili damu mbaya itoke, na tunamshukuru Mungu kwamba Mama alikataa. Kwa kuwa mguu ulikuwa wa baridi, tulimsogezea mbabula yenye makaa auote moto, tukidhani tunamtendea wema. Kituo kimoja cha afya kilitupa pomadi, tukarudi, kikatupa pomadi nyingine. Mwezi na nusu ulipita, na ncha ya kidole ikawa nyeusi.

Ndipo tulipompeleka katika hospitali nyingine, akatupokea daktari wa kike, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yetu. Hakuanza na kidonda. Alipiga magoti, akaishika miguu yote miwili kwa mikono yake, akaweka vidole juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, akitafuta pigo la damu. Akakaa kimya kitambo. Kisha akainua uso akauliza: "Mama, unatembea hadi wapi kabla mguu haujakulazimisha kusimama?"

Mama akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo kwa muda mrefu: "Hadi kwa seremala, mwanangu. Hapo mguu unakataa, unakuwa mzito kama si wangu. Nikisimama kidogo, unakubali tena. Unanifikisha kwenye robine. Kisha kwenye ukuta wa shule."

Tulikuwa tumekaa pembeni, na jibu lile lilitushusha macho. Salamu zote zile zilikuwa mapumziko. Alikuwa amepanga njia yake yote ya kanisani kwa kufuata mahali ambapo mwanamke mzee anaweza kusimama bila kuonewa huruma.

Daktari alitueleza kwa maneno mepesi, nasi tunawapa kama tulivyopokea. Damu hutoka moyoni ikipita katika mishipa iitwayo ateri, nayo hupeleka chakula na hewa katika kila kiungo. Kwa miaka mingi mafuta na chokaa vinaweza kuganda ndani ya kuta za mishipa hiyo na kuibana, kama vile bomba la maji linavyojaa kutu. Ikibanwa ateri za miguu, mtu akiketi hasikii kitu, kwa sababu damu kidogo inatosha kwa mguu uliotulia. Lakini akitembea, na hasa akipanda mlima, misuli inadai damu zaidi na haiipati. Hapo huja maumivu ya shavu la mguu, au uzito, au ganzi, au uchovu tu. Akisimama dakika chache hali hiyo hupita. Wanaosema Kifaransa wanauita ugonjwa wa vitrini, kwa kuwa huko Ulaya mgonjwa husimama mbele ya kioo cha duka akijifanya anatazama bidhaa hadi mguu utulie. Kadutu hatuna vitrini nyingi. Mama alikuwa na seremala.

Alimpima presha ya damu mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akaigawa ya mguu kwa ya mkono. Kwa mtu mwenye mishipa mizuri jibu huwa karibu na 1 au juu yake kidogo. Likiwa chini ya 0,90 ni alama ya ugonjwa. La mguu wa kushoto wa Mama lilikuwa 0,45. Walipima pia sukari katika damu, wakakuta kwamba ana ugonjwa wa sukari ambao hakuna aliyeujua. Sukari, presha ya juu, mafuta mengi katika damu, umri, na tumbako kuliko vyote: hayo ndiyo hasa yanayoharibu ateri. Mama hakuvuta tumbako kamwe, lakini mnawajua bibi zenu wanaovuta kiko, na mnawajua wenzenu wanaojificha kuvuta sigara nyuma ya shule. Ugonjwa huu unaweza kuanza kutengenezwa katika umri wenu na kuja kudai malipo miaka 40 baadaye.

Tulimuuliza daktari: imekuwaje hakuwahi kulia kwamba anaumwa? Akasema kwamba kwa wanawake wazee mara nyingi ndivyo ilivyo. Wengi hawapati yale maumivu ya shavu la mguu yaliyoandikwa katika vitabu. Mguu huwa mzito tu, au dhaifu. Wengine hawasikii maumivu kwa sababu wamekwisha kupunguza mwendo wao hadi pale ambapo maumivu hayafiki. Huko Baltimore, Marekani, watafiti walichunguza wanawake wa miaka 65 na zaidi ambao tayari walikuwa na shida katika kazi za kila siku, wakatoa matokeo mwaka 2000. Zaidi ya theluthi moja ya wanawake hao walikuwa na ateri za miguu zilizobanwa, na wengi wa hao hawakuwa na maumivu ya mguu wakati wa kutembea. Hata hivyo, kadiri damu ilivyofika kwa shida miguuni, ndivyo walivyotembea polepole zaidi, walivyoyumba wakisimama, walivyochelewa kuinuka kitini, na walivyopunguza safari zao kwa juma. Tuliposikia hayo tuliona Kadutu. Tuliona sufuria zilizoshushwa sakafuni.

Mama alipoteza vidole viwili. Upasuaji wa kufungua mshipa ulikuwa mbali na uwezo wetu, lakini kwa dawa, kwa kuitunza sukari na kwa kusafisha kidonda kila siku, mguu ulipona. Daktari hakutuficha: angechelewa majuma machache zaidi, mguu wote ungekatwa. Akaongeza jambo lililotuogofya zaidi: ateri zikibanwa miguuni, mara nyingi zimebanwa pia moyoni na shingoni, na kwa hiyo mgonjwa wa namna hii yuko katika hatari ya moyo kusimama au ya kupooza.

Usiku mmoja hospitalini, tukiwa tumekaa kando ya kitanda chake, tulimwuliza kwa nini alinyamaza. Alisema: "Ningesema nini? Kila mzee mguu unamuuma. Na ningesema, mngenizuia nisiende kanisani. Halafu mngetafuta pesa za daktari, na watoto wangefukuzwa shule." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Uliposema imani yangu imepoa, niliona afadhali ufikiri hivyo."

Yafikirini maneno hayo, wapenzi vijana. Mama alichukua aibu ya kudhaniwa mlegevu mbele ya Mungu, ili wajukuu wasikose ada. Na sisi tuliomtwika aibu hiyo tulikuwa tukifundisha katekisimu kila Jumamosi.

Liko jambo la mwisho katika habari hii. Mama aliporudi nyumbani tulikwenda kwa seremala kumshukuru kwa kumvumilia miaka yote. Yule bwana, ambaye si wa Kanisa letu, alituonyesha kigoda kifupi kilichokuwa nyuma ya mlango. "Hiki ni cha Mama," alisema. "Nilikitengeneza zamani. Niliona anasimama hapa kila siku na mguu wake mmoja unatetemeka. Nikimsikia anakuja, ninakitoa nje. Nilidhani ninyi watoto wake mnajua."

Tulikumbuka mara moja sura ya 13 ya Injili ya Luka. Yumo mwanamke aliyepinda mgongo muda wa miaka 18, asiyeweza kujinyosha hata kidogo. Alikuwa katika sinagogi siku ya Sabato. Tunalolitafakari sana ni hili: mwanamke yule haombi kitu. Hapigi kelele kama Bartimayo kipofu, hagusi vazi la Bwana kama yule mwenye kutokwa damu. Amekuja kusali tu, kama kawaida yake. Watu waliosali naye walikuwa wamekwisha kumzoea hivyo alivyo; mgongo wake uliopinda umekuwa sehemu ya sinagogi, kama nguzo. Yesu ndiye anayemwona, anamwita, anamwekea mikono. Na mkuu wa sinagogi, mtu wa dini, mtu wa ratiba, anakasirika kwa sababu jambo limefanyika siku isiyofaa. Kwa miaka mingi tuliifundisha sehemu hiyo tukimlaumu mkuu wa sinagogi. Siku ile kwenye karakana tulimtambua: alikuwa sisi. Tulikuwa tumeitunza saa ya Misa, na hatukumtazama mwanamke aliyekuwa akiipandia kwa mguu usio na damu. Seremala asiye wa Kanisa letu alikuwa ametenda kama Bwana alivyotenda: alimwona.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli. Lakini Mkristo hawezi kutosheka na kutokujua. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na heshima hiyo haiishii katika kusema "shikamoo" au kuinuka mzee anapoingia. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amsaidie mzazi wake katika uzee na amvumilie hata akili yake ikipungua. Na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021 aliweka Siku ya Kimataifa ya Mababu, Mabibi na Wazee, inayoadhimishwa Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Ana. Siku hiyo huwa tunaimba vizuri na kutoa zawadi ya sabuni na chumvi. Ni vema. Tunaomba mwaka huu muongeze mambo machache ambayo hayahitaji pesa.

Kwanza, jifunzeni kuuliza. Ukimwuliza mzee, "Unaumwa?" atakujibu, "Tunashukuru Mungu." Mwulize kama daktari yule alivyouliza: "Koko, unatembea hadi wapi kabla ya kupumzika? Na mwaka jana ulifika wapi?" Mwulize kama analala kitandani au kitini. Akikuambia kwamba mwendo wake umepungua, mpeleke au mwambie mzazi wako ampeleke kwenye kituo cha afya, na mwombe muuguzi apime sukari, presha na pigo la damu miguuni.

Pili, kwa ruhusa yake, tazameni miguu. Mguu mmoja wenye baridi kuliko mwingine, ngozi inayong'aa, kidonda kisichofunga kwa majuma mawili, kidole kinachobadilika rangi: hayo si ya kungoja. Na mguu ukipoa ghafula, ukawa mweupe, wenye maumivu makali au ganzi, apelekwe hospitali siku ile ile. Wakati wote huo msiuchanje, msiuweke karibu na mbabula, msiuoshe kwa maji ya moto. Mguu wa namna hiyo hausikii vizuri, nao unaweza kuungua mgonjwa asijue.

Tatu, tembeeni nao. Hili huwashangaza watu, maana tunadhani dawa ya mguu unaouma ni kukaa. Kidonda cha Mama kilipofunga kabisa, daktari alimwagiza atembee: aende mpaka maumivu yamshike, apumzike yapite, aendelee tena, walau nusu saa, mara tatu au zaidi kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu na zaidi. Mshipa ule haufunguki kwa kutembea, lakini misuli hujifunza kuitumia vizuri damu kidogo inayoipata. Kazi hiyo aliichukua yule mjukuu wa miaka 16. Kila jioni alimshika Koko mkono, akabeba kigoda cha seremala kwa mkono mwingine, akahesabu hatua kwa sauti. Mwanzoni walisimama kwenye hatua ya 90. Mwezi wa pili walikuwa wakipita karakana bila kusimama, na seremala akawapigia makofi kwa nyundo yake juu ya ubao. Mwezi wa nne walifika kwenye robine kwa mwendo mmoja. Mzee akiwa na kidonda, au akisikia maumivu ya kifua, asianze mwendo huo kabla hajaonwa na daktari.

Nne, lisaidieni Kanisa lisiwe mlima. Kundi lenu linaweza kuweka benchi moja au mawili kwenye njia ya kupandia. Shirika likisali, lisisali daima katika nyumba ya juu. Mzee aketi wakati wa maandamano, na mtu aketi pamoja naye asiwe peke yake. Na mkimkosa mzee Dominika mbili, msiseme amepoa. Mfuateni, kisha mtuambie sisi makatekista, ili apelekewe Ekaristi Takatifu nyumbani na, ikihitajika, Padri ampe Mpako wa Wagonjwa.

Mama yetu yuko hai. Hapandi tena kila asubuhi. Anapanda Dominika, na bado anasimama mara mbili. Tofauti ni kwamba sasa hasingizii salamu. Akifika kwa seremala hukaa kwenye kigoda chake na kumwambia aliye naye: "Tumngoje mguu." Nasi tunamngoja. Tumemwomba radhi, akatuambia kwamba alikwisha kutusamehe siku ile ile ya Komunyo, kwa hiyo tusirudie mambo ya zamani. Tunayarudia hapa kwa ajili yenu tu, na kwa ajili ya yule bibi wa kwenye ngazi, ambaye bado hatujajua anatembea hadi wapi. Dominika ijayo tutashuka kumwuliza. Tungefurahi kukuta mmoja wenu ametutangulia.

Maswali ya kushirikishana katika kundi

1. Katika familia yangu, ni mzee gani ambaye njia zake zimepungua tangu mwaka jana? Nilidhani sababu ni nini?

2. Je, nimewahi kumhukumu mtu kuwa mvivu au mlegevu wa imani, kisha nikajua kwamba alikuwa akibeba jambo ambalo sikuliona?

3. Kati ya nyumba za wazee wa shirika letu na kanisa, ni wapi panapohitaji benchi? Nani ataliweka, na lini?

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe ulimwona mwanamke aliyepinda kabla hajakuomba neno. Utusamehe mara zote tulipowapita wazee wetu kwa haraka ya kukufikia wewe. Utupe macho ya kuona, ulimi wa kuuliza kwa upole, na miguu yenye subira ya kutembea kwa mwendo wao. Uwape mama zetu nguvu ya kusema wanapoumia, na utupe sisi moyo wa kuwasikia. Kwa maombezi ya Bikira Maria, aliyepanda kwenda milimani kumhudumia Elizabeti katika uzee wake. Amina.